Uzi mrefu: Mvinyo mweupe wa Bourgogne ukiwekwa miaka mingi, tunautofautishaje ulioiva na ulioharibika?

Mleta uzi

Wanajukwaa, habari za majukumu.

Kila linapozuka humu suala la kuhifadhi mvinyo, jibu linalotangulia ni kwamba mwekundu ndio wa kuwekwa na mweupe ni wa kunywewa ungali mchanga. Kwa mvinyo mweupe mwingi unaouzwa duniani, jibu hilo halina kasoro. Kwa Bourgogne halitoshi, kwa sababu huko mashariki mwa Ufaransa kuna mashamba ambayo mvinyo wake mweupe, ukifunguliwa ukiwa na miaka miwili, huwa bado haujaonyesha hata nusu ya ulichonacho.

Nafanya kazi ya kuhudumia mvinyo katika mgahawa hapa Ufaransa, na sehemu ya kazi hiyo ni kuzifungua chupa za namna hii, kuzionja kabla ya mteja, na kuamua kama zinafaa kufika mezani. Uzi huu nawaandikia hasa wale waliowahi kulipia chupa ya zamani, wakakuta imegeuka rangi, wakashindwa kujua kama walichoonja ni kilele cha mvinyo ule au ni mabaki yake. Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili anayetaka kunipinga asisumbuke kuutafuta: mvinyo ulioiva na ulioharibika hupita njia ile ile, na oksijeni ndiyo inayousukuma katika njia hiyo. Kinachotofautiana ni mwendo, na anayeonja mvinyo wa zamani anatakiwa kuusoma mwendo huo kabla ya kuangalia mwaka ulioandikwa kwenye lebo.

Tuanze na mahali penyewe. Zabibu inayohusika ni Chardonnay. Ukitoka mji wa Beaune kuelekea kusini unapita Pommard na Volnay, vijiji vya mvinyo mwekundu, kisha unaingia Meursault, Puligny-Montrachet na Chassagne-Montrachet, na hapo ndipo kilipo kitovu cha mvinyo mweupe. Kaskazini mwa Beaune kuna kilima cha Corton kinachotoa Corton-Charlemagne, na mbali zaidi, zaidi ya kilomita 100 kuelekea kaskazini magharibi, kuna Chablis, ambako ardhi imejaa visukuku vya chaza wadogo walioishi katika bahari ya zama za kale. Ngazi za ubora zimepangwa kwa kufuata vipande vya ardhi: kuna mvinyo wa mkoa, wa kijiji, wa Premier Cru, na juu kabisa wa Grand Cru. Mwaka 2015 UNESCO iliviingiza vipande hivyo, ambavyo wenyeji huviita climats, katika orodha ya urithi wa dunia.

Ukisimama kwenye mteremko wa Puligny utaona jambo ambalo maelezo ya vitabuni hayaliweki wazi vya kutosha. Juu ipo Chevalier-Montrachet, yenye udongo mwembamba uliolala juu ya mwamba wa chokaa. Chini yake ipo Montrachet yenyewe, ambayo yote kwa pamoja inakaribia hekta 8 tu. Na ukivuka njia nyembamba unaingia Bâtard-Montrachet, ambako udongo ni mzito na una mfinyanzi zaidi. Kuyapita mashamba hayo matatu kwa miguu ni suala la dakika chache, lakini Chevalier hubaki mvinyo mwembamba, mkavu na wenye subira, ilhali Bâtard huwa mnene tangu siku unapotiwa kwenye chupa. Meursault haina Grand Cru hata moja, jambo linalowashangaza wengi, kwa sababu Perrières yake, iliyo kwenye ngazi ya Premier Cru, mara nyingi hudumu kuliko baadhi ya Grand Cru za majirani.

Sasa tuje kwenye utengenezaji, kwa kuwa mvinyo huingia kwenye chupa ukiwa na akiba au ukiwa hauna, na hakuna ghala litakalouongezea akiba baadaye. Maji ya zabibu yakishakamuliwa huachwa yatulie, kisha huchachushwa ndani ya mapipa ya mwaloni ya lita 228, ambayo ndiyo kipimo cha huko. Hamira ikimaliza sukari, bakteria huigeuza asidi ya maliki, ile kali inayopatikana kwenye tofaa bichi, kuwa asidi ya laktiki, ambayo ni laini zaidi. Mvinyo huachwa juu ya machicha ya hamira iliyokufa kwa miezi mingi, pengine mwaka mzima au zaidi, na machicha hayo hunyonya oksijeni na kuuongezea mvinyo unene. Mwisho hutiwa kiasi kidogo cha salfa dioksidi cha kuulinda. Akiba ninayoizungumzia ni hiyo: asidi, uzito unaotoka kwenye zabibu zenyewe, kazi ya machicha, na salfa. Watu hupenda kuutaja mwaloni kana kwamba ndio unaourefushia mvinyo maisha, lakini kwa ninavyouona, mwaloni mpya ukizidi huuvika tu mvinyo nguo nzito, na mvinyo ukishadhoofika ndani, nguo hubaki peke yake, kavu na chungu.

Miaka miwili au mitatu ya kwanza mvinyo hunukia matunda: ndimu, tofaa la kijani, pichi nyeupe, na mara nyingine maua. Sehemu ya harufu hizo hutokana na esta, yaani misombo yenye harufu ya matunda iliyotengenezwa na hamira wakati wa uchachushaji, na esta hizo hazina maisha marefu, kwa kuwa ndani ya chupa huvunjika taratibu na kurudi kuwa asidi na alkoholi. Ndiyo sababu mvinyo wa miaka minne au mitano mara nyingi huwa umenuna. Harufu imepungua, asidi imesimama peke yake, na mteja aliyeusifu mwaka juzi hudhani amebadilishiwa chupa. Katika kipindi hiki hakuna cha kufanya zaidi ya kuurudisha ghalani.

Kuanzia mwaka wa saba au wa nane kwa Premier Cru nzuri, na mwaka wa kumi na kuendelea kwa Grand Cru, hujitokeza harufu ambazo hazikuwemo katika zabibu wala katika pipa. Kuna lozi na korosho zilizokaangwa, asali, nta, siagi iliyoyeyushwa, mkate uliochomwa, uyoga mbichi, tangawizi kavu, na ganda la chungwa lililopikwa kwa sukari. Rangi hutoka kwenye manjano hafifu yenye dalili ya kijani na kuelekea dhahabu. Kwa hiyo mweupe huongezeka rangi kadiri unavyozeeka, wakati mwekundu hupungukiwa. Kiasi cha asidi ndani ya chupa hakibadiliki sana katika miaka hiyo. Kinachobadilika ni mwili wa mvinyo unaoizunguka, ambao huwa mpana na laini, kiasi kwamba asidi ile ile iliyokuwa ikichoma ulimi sasa hufanya kazi ya kuubeba mvinyo hadi mwisho wa funda.

Nieleze chupa mbili kwa undani. Zote zilikuwa Meursault Perrières za mavuno ya 2010, za mtengenezaji mmoja, kutoka kasha moja, na zilikuwa zimelala bega kwa bega ghalani kwetu tangu zilipowasili. Mtengenezaji simtaji kwa sababu hoja haimhusu yeye. Meza moja iliziagiza zote mbili, nikazifungua kwa kufuatana.

Kizibo cha chupa ya kwanza kilitoka kizima, kikiwa kimelowa milimita chache tu upande wa chini. Mvinyo ulikuwa dhahabu safi, na ukingoni mwa glasi bado palikuwa na kijani. Dakika za mwanzo ulinukia njiti ya kiberiti iliyowashwa sasa hivi, harufu inayotokana na misombo ya salfa iliyokaa muda mrefu bila hewa, na ambayo kwangu mimi ni dalili njema kwa sababu inaonyesha kwamba oksijeni haikupita kwa wingi. Baada ya robo saa kiberiti kilitoweka, ikaja ndimu iliyochemshwa na asali, kisha korosho za kukaanga, kisha ile harufu ya jiwe lililoloa mvua ambayo wapenzi wa Perrières huifuata. Mdomoni ulianza mpana, wenye utelezi wa mafuta, halafu asidi ikauvuta na kuukausha, na ladha ikabaki muda mrefu baada ya kumeza. Ilipotimia saa ya pili ulikuwa bora kuliko ulivyoanza.

Kizibo cha chupa ya pili kilikuwa na mstari wa unyevu uliopanda ubavuni mpaka karibu na juu. Mvinyo ulimiminika ukiwa na rangi ya chai ya rangi isiyokolea. Ulinukia tofaa lililokatwa likaachwa mezani, bizari, na njugu zilizokaa sana. Mdomoni ulianza vizuri, na hapa ndipo wengi hupotoshwa, kwa sababu unene ulikuwa bado upo. Lakini katikati ya funda palikuwa patupu, na mwisho ulikuwa mfupi wenye uchungu wa kukausha koo. Nusu saa baadaye ulikuwa umeporomoka kabisa. Hewa iliyouinua wa kwanza ndiyo iliyoumaliza wa pili.

Kwa sababu hiyo siamini hukumu inayotolewa kwa rangi pekee, wala kwa funda la kwanza. Nimeonja mvinyo wenye dhahabu nzito uliokuwa mzima kabisa, na nimeonja uliokuwa bado na rangi changa huku harufu imeshachoka. Mpe mvinyo muda ndani ya glasi. Ukipanda, umeiva. Ukishuka kila dakika, umekwisha, hata kama bei yake inakushawishi uufikirie vinginevyo.

Lakini kwa nini chupa mbili za kasha moja zitofautiane hivyo? Hapa kuna kisa kilichoitikisa Bourgogne nzima. Mvinyo mweupe wa mavuno ya 1995 na 1996 ulisifiwa sana ulipotoka, hasa huo wa 1996 kwa asidi yake kali, na wanunuzi wakauweka wakitarajia miaka mingi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walianza kufungua chupa na kukuta kahawia. Hazikuwa chupa zote. Ilikuwa moja hapa, mbili pale, katika nyumba kubwa na ndogo za utengenezaji, katika mvinyo wa bei ya kawaida na katika Montrachet. Mavuno yaliyofuata yalionyesha tatizo lile lile, wakati chupa za miaka ya 1970 na 1980 kutoka kwenye nyumba hizo hizo zilikuwa bado zinanyweka vizuri.

Sababu hazikuwa moja. Vizibo vilikuwa vikipitisha hewa kwa viwango tofauti, na namna ya kuvisafisha na kuvipaka vilainishi ilikuwa imebadilika. Watengenezaji wengi walikuwa wamepunguza salfa. Wengine walikuwa wakiyakoroga machicha mara nyingi ili mvinyo unenepe upesi, na kila mkorogo huingiza hewa. Zabibu zilikuwa zikivunwa zikiwa zimeiva zaidi, zikiwa na asidi pungufu. Mashine mpya za kukamulia zenye mfuko wa hewa zilikuwa zikikamua kwa upole mno, ilhali zile za zamani zilitoa fenoli nyingi, misombo ya maganda na mbegu za zabibu, ambazo ziligeuka kahawia na kutuama mapema kabla ya uchachushaji, hivyo mvinyo ukaingia kwenye chupa ukiwa hauna kikubwa kilichosalia cha kuoksidika. Denis Dubourdieu na wenzake wa Chuo Kikuu cha Bordeaux walichunguza kuzeeka kwa mvinyo mweupe kabla ya wakati, na kazi yao ilielekeza macho kwenye sotoloni, msombo ambao huchangia ile harufu ya bizari, na kwenye glutathioni, kinga inayotoka kwenye zabibu ambayo huchelewesha kuoksidika ikiwemo ya kutosha.

Kinachonifurahisha katika habari ya sotoloni ni kwamba ukivuka bonde la mto Saône kuelekea mashariki, ukaingia Jura, harufu hiyo hiyo inatafutwa kwa makusudi. Huko mvinyo uitwao vin jaune hukaa katika mapipa yasiyojazwa kwa zaidi ya miaka sita, chini ya utando wa hamira, na wateja hulipa fedha nyingi kwa ajili ya ile bizari na njugu ambazo Mburgundi akizikuta kwenye Meursault yake hushika kichwa.

Bourgogne imejirekebisha kwa kiasi kikubwa. Ukorogaji umepungua, salfa hupimwa kwa umakini zaidi, wengine hukamua kwa nguvu kama zamani, wengine hufunika vizibo kwa nta, na nyumba kadhaa kubwa, zikiwemo Bouchard Père & Fils na Domaine Leflaive, zimehamia kwenye vizibo vya DIAM, vinavyotengenezwa kwa chembechembe za gome la vizibo zilizosafishwa na kuunganishwa upya ili kila kizibo kipitishe hewa kwa kiwango kinacholingana. Mimi navikubali vizibo hivyo kuliko wateja wangu wengi wanavyovikubali, kwani wao huvihusisha na mvinyo wa bei rahisi.

Karibuni kwa maswali na hoja.

Mchangiaji wa kwanza (Mombasa)

Mkuu, ahsante kwa elimu hii. Mjomba wangu alipotoka Ubelgiji aliniletea chupa mbili za Puligny-Montrachet za ngazi ya kijiji, nazo zimekaa kabatini sebuleni tangu mwaka juzi. Je, nizisubiri zitimize miaka kumi kama ulivyoeleza, au nizifungue?

Mleta uzi

Ndugu yangu, zifungue mwezi huu, na mwalike mjomba kama yupo karibu.

Miaka niliyoitaja ni ya ghala lenye baridi isiyobadilika, kati ya nyuzi 10 na 14 za Selsiasi, lenye giza na unyevu. Sebule ya pwani inaweza kukaa nyuzi 28 hadi 32 kwa sehemu kubwa ya mwaka, na mimenyuko ya kikemia huongeza kasi joto linapopanda. Kanuni ya jumla ni kwamba kasi hukaribia kuongezeka maradufu kwa kila nyuzi 10. Isitoshe, mchana mvinyo hutanuka na kusukuma kizibo, na usiku hunywea na kuvuta hewa ndani, kwa hiyo chupa inapumua kila siku kinyume na inavyotakiwa. Joto hilo haliufikishi mvinyo kwenye korosho na asali kwa njia ya mkato, kwa sababu mimenyuko yote haiongezi kasi kwa uwiano mmoja. Matunda hupotea kabla ya vile vizuri kujengeka.

Ukipata nyingine na ukataka kuziweka, nunua friji la mvinyo na ulitege nyuzi 12, zilaze chupa ili vizibo visikauke, na hakikisha umeme wako hauyumbi. Friji la jikoni linafaa kwa wiki au miezi michache, halifai kwa miaka. Puligny ya ngazi ya kijiji, hata hapa kwenye ghala zuri, kwa kawaida naifungua kati ya mwaka wa nne na wa nane.

Mchangiaji wa pili

Mleta uzi, naheshimu kazi yako, lakini je, huu si ushabiki wa jina tu? Mwaka 1976 pale Paris, waonjaji Wafaransa wenyewe waliuweka mvinyo wa California juu ya Bourgogne bila kuona lebo. Sasa mtu wa kawaida atalipaje mara kumi kwa ajili ya jina la kijiji?

Mleta uzi

Mkuu, tukio hilo ni la kweli na matokeo yake yalistahili. Chateau Montelena ya California, ya 1973, ilishika nafasi ya kwanza, na Meursault Charmes ya mtengenezaji Roulot, nayo ya 1973, ikashika ya pili. Lakini angalia miaka: mvinyo ule mweupe ulionjwa Mei 1976, wote ukiwa haujatimiza miaka minne. Yaani Bourgogne ilipimwa ikiwa katika umri ule ule niliosema imenuna au inaelekea kununa. Lile lilikuwa shindano la mvinyo mchanga, na kama mvinyo mchanga California ilishinda kwa haki. Swali la uzi huu halikuulizwa siku ile.

Kuhusu bei nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa. Montrachet inakaribia hekta 8 kwa dunia nzima, na mnunuzi analipia uhaba huo kabla hajalipia ladha. Mwaka 2016 baridi kali ya mwishoni mwa Aprili iliunguza machipukizi mpaka nyumba saba zenye vipande vya Montrachet zikaunganisha zabibu zao ili kupata mvinyo wa kujaza mapipa machache. Chupa za namna hiyo zinanunuliwa na watu ambao wengi wao hawatazifungua, na kwa maoni yangu huo ni msiba wa mvinyo wowote uliotengenezwa kwa ajili ya mezani.

Mchangiaji wa tatu (Dar es Salaam)

Shikamoo mkuu. Naomba kujua namna ya kuuandaa mvinyo uliokomaa: ubaridi, glasi, na kama unamiminwa kwenye jagi kwanza. Na chakula chake ni kipi?

Mleta uzi

Marahaba. Kosa ninaloliona mara nyingi ni ubaridi uliozidi. Mvinyo uliotoka moja kwa moja kwenye friji, ukiwa na nyuzi 5 au 6, huficha harufu zote za umri na kuacha asidi peke yake, na hapo huwezi kujua kama umeiva au umekufa. Mlete mezani ukiwa na nyuzi 12 hivi, halafu uache upande wenyewe hadi 14. Tumia glasi yenye tumbo pana.

Jagi natumia kwa uangalifu. Ukinukia kiberiti na umejikunja, nusu saa kwenye jagi husaidia. Ukiwa wa zamani sana, au kizibo kimenitia mashaka, namimina kidogo kwenye glasi na kusubiri, maana wenye nguvu kidogo unaweza kumalizika kwenye jagi kabla hujauonja. Chupa isimamishwe wima tangu jana yake, na kama kizibo ni cha miaka mingi tumia kifungulio cha makucha mawili kinachoshika kizibo pembeni, kwa kuwa kile cha kuzungusha kinaweza kukitoboa na kukivunja.

Chakula kiwe na utajiri bila kuwa na pilipili: kuku aliyepikwa kwa malai na uyoga, kamba wakubwa kwa siagi, au jibini la Comté lililokomaa. Samaki wa kupaka sikushauri, ingawa mwenyewe nampenda. Nazi, ukwaju na pilipili huzima kabisa zile harufu ulizozisubiri miaka kumi. Samaki huyo mpe mvinyo mchanga.

Mchangiaji wa nne

Je, kuna miaka ya mavuno ya kutafutwa na ya kukimbiwa?

Mleta uzi

Ipo, ingawa mtengenezaji na hali ya chupa vina uzito kuliko mwaka. Kwa mvinyo mweupe wa kuwekwa, mimi naitanguliza 2014, iliyo na asidi safi na uzito wa kutosha kwa pamoja. Mavuno ya 2010 yalikuwa machache na yenye nguvu. Yale ya 2002 bado yananifurahisha pale kizibo kilipofanya kazi yake, na 2017 ni mwaka wa raha ambao haukuhitaji kusubiriwa sana. Mwaka 2003 joto lilikuwa kali mpaka wakavuna Agosti. Mvinyo ule ulikuwa mnene na mwingi wake ulipaswa kunywewa mapema. Mvinyo wa 2006 ulikuwa mtamu wa harufu ukiwa mchanga, lakini chupa zake nyingi zilitangulia kuchoka. Mwaka 2021 baridi ya Aprili ilipunguza mavuno vibaya, na mvinyo uliopatikana ni mwembamba wa mtindo wa zamani, ninaoupenda kuliko wanavyoupenda wauzaji.

Chablis ihesabiwe peke yake. Sehemu kubwa hutengenezwa kwenye matangi bila mwaloni mpya, na ikizeeka haielekei kwenye siagi bali kwenye asali, uyoga na harufu ya bahari. Les Clos nzuri, ambayo ni Grand Cru ya huko, inaweza kufika miaka ishirini ikiwa bado imesimama wima.

Na kwa yeyote mwenye uwezo, chupa kubwa za lita 1.5 huzeeka polepole na kwa usalama zaidi, kwa sababu mdomo na kizibo vinakaribiana na vya chupa ya kawaida wakati mvinyo uliomo ni mara mbili.

Mchangiaji wa tano

Niliona vipande kama vioo chini ya chupa, nikaogopa nikaimwaga yote.

Mleta uzi

Pole sana. Hizo zilikuwa fuwele za chumvi ya asidi ya tartariki, inayotoka kwenye zabibu zenyewe, na hujitenga mvinyo unapokaa kwenye baridi. Hazina madhara wala ladha ya kukera. Safari nyingine mimina taratibu ziachwe chini.

Mchangiaji wa sita (Brussels)

Mkuu, mimi ni mfanyakazi wa kawaida ila hapa nilipo maduka ya mvinyo yapo. Naomba njia ya kujifunza kuonja mvinyo uliokomaa bila kuuza shamba la babu. Na je, kuna mahali watu huonja pamoja?

Mleta uzi

Mahali pakuu ni Meursault yenyewe, siku ya tatu ya sherehe za Novemba, baada ya mnada wa mvinyo wa Jumapili wa Hospices de Beaune, hospitali ya kale ya hisani ya mji huo. Chakula hicho cha mchana huitwa La Paulée, Jules Lafon alikifufua mwaka 1923, na desturi yake ni kwamba kila mgeni huja na chupa zake na kuzizungusha kwa majirani wa meza. Lakini nafasi ni chache na hupatikana kwa kujuana. Desturi yenyewe, hata hivyo, unaweza kuihamishia kwako: watu sita, kila mmoja na chupa moja ya umri tofauti, na gharama inagawanyika.

Shamba la babu liache lilivyo. Tafuta mvinyo wa vijiji visivyo na jina kubwa: Saint-Aubin, hasa shamba la En Remilly, ambalo linapakana na mteremko wa Montrachet, au Saint-Romain, au Pernand-Vergelesses. Chablis Premier Cru kutoka shamba la Montée de Tonnerre ni chaguo zuri sana kwa mwanafunzi. Kusini kuna Pouilly-Fuissé, ambayo baadhi ya vipande vyake vilipewa hadhi ya Premier Cru kuanzia mavuno ya 2020, na bei bado haijafuata kikamilifu.

Nunua chupa tatu au nne za mvinyo mmoja, wa mavuno mamoja, kwa muuzaji ambaye ghala lake lina baridi. Fungua ya kwanza ukifika nyumbani na uandike ulichonusa na ulivyobadilika kwa muda wa saa mbili. Ya pili iache mpaka mwaka wa tano, ya tatu mwaka wa nane, na kila mara soma maelezo ya nyuma baada ya kuonja, kamwe si kabla, ili yasikuchagulie cha kunusa. Ukikuta moja imewahi kugeuka bizari na kahawia, usiitupe mara moja. Onja kidogo kando ya nzima, kwa sababu hakuna somo la kutambua mwendo wa oksijeni litakalokufikia kwa bei hiyo.